Kusoma kifungo cha atomu mbili kwa atomu zilizopozwa kwa leza: mwongozo kamili, kuanzia ombwe hadi grafu

Njia iliyozoeleka ya kupima kifungo ni kukivunja. Mkemia hupasha molekuli moto au huipiga mwanga, kisha hupima nishati iliyohitajika kuitenganisha. Mwongozo huu unakwenda kinyume. Unaanza na atomu mbili huru zilizokaribia kusimama, kisha unazifunga kwa fotoni moja ambayo masafa yake unayajua. Linganisha nishati ya fotoni hiyo na ile inayodaiwa na atomu iliyo peke yake: upungufu unaouona ndio kina cha kifungo.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1987 na Thorsheim, Weiner na Julienne. Mwaka 1993 lilionekana maabarani, kwa sodiamu katika taasisi ya NIST kule Gaithersburg, Marekani, na kwa rubidiamu katika kundi la Daniel Heinzen, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Tangu hapo limekuwa mojawapo ya njia sahihi kuliko zote za kuujua mvutano kati ya atomu mbili. Nitaliita uunganishaji kwa mwanga.

Nimeuandika kwa mwanafunzi au mtafiti anayeanza, mwenye meza ya leza na subira. Mfano wote ni wa rubidiamu.

Kwa nini lazima baridi

Hapa usipite haraka, maana asiyeelewa kazi ya baridi ataona hatua zote zinazofuata kama mateso yasiyo na sababu.

Katika halijoto ya chumba atomu ya rubidiamu inakwenda karibu mita 300 kwa sekunde. Atomu mbili zinapogongana zinakuja na nishati yoyote, kubwa au ndogo, na utawanyiko wa nishati hizo ukiuandika kwa lugha ya masafa unafika gigahezi elfu sita na zaidi. Ngazi za molekuli unazotaka kuzitofautisha zimeachana kwa gigahezi chache tu, na ndani ya kila ngazi kuna mistari iliyoachana kwa makumi ya megahezi. Ni sawa na kutaka kupima unene wa unywele kwa rula isiyo na alama.

Sasa poza gesi hiyo hadi mikrokelvin 100. Mwendo unashuka hadi sentimita 17 hivi kwa sekunde, na utawanyiko wa nishati za migongano unakuwa megahezi 2 tu. Huo ni mdogo kuliko upana wa asili wa mstari wa rubidiamu wenyewe, ambao ni megahezi 6. Ukungu umeondoka, na kinachobaki ni upana ambao molekuli ilizaliwa nao.

Kuna faida ya pili. Kwa mwendo mdogo hivyo, atomu mbili haziwezi kuzungukana kwa kasi kubwa zinapokaribiana. Molekuli inayoundwa inakuwa na mizunguko michache tu, ngazi ya 0, 1, 2, mara nyingi haizidi 4. Badala ya msitu wa mistari unapata kichaka unachoweza kukihesabu kwa vidole.

Hatua ya kwanza: atomu na ombwe

Anza na rubidiamu isipokuwa una sababu nzito ya kwenda kwingine. Inayeyuka katika nyuzi 39 za Selsiasi, hivyo mvuke wake unatosha hata bila tanuri. Mstari wake wa kupoza uko kwenye nanomita 780, ambako leza za dayodi ni nyingi na za kuaminika. Isotopu zake mbili, 85 na 87, ziko pamoja katika rubidiamu ya kawaida kwa takriban asilimia 72 na 28, kwa hiyo chombo kimoja kinakupa majaribio mawili. Sodiamu ina historia nzuri, ila leza zake za rangi ya manjano ni kazi kubwa zaidi.

Chemba iwe safi. Lengo ni kanieneo la takriban sehemu moja ya trilioni ya hewa tunayovuta, au chini ya hapo. Ioshe, ifunge, ioke kwa siku kadhaa huku ukipampu, kisha iachie pampu ya ioni. Usifupishe siku za kuoka. Mvuke wa maji ulionaswa kwenye kuta utakusumbua kwa miezi, na dalili yake itakuwa ya kupotosha: mtego utajaa na kupungua upesi, nawe utadhani leza ndiyo mbovu.

Hatua ya pili: leza za kupoza

Unahitaji leza mbili. Ya kwanza hupoza. Kwa rubidiamu 87 inaendesha mpito wa kutoka F=2 kwenda F=3 ya ngazi ya juu (F ni namba ya kijingazi ndani ya ngazi), na masafa yake yashushwe chini ya mstari kwa mara mbili hadi tatu ya upana wa asili, yaani megahezi 12 hadi 18. Atomu inayoukimbilia mwali huona masafa yamepanda kidogo kwa athari ya Doppler, inafyonza fotoni, na kusukumwa nyuma. Kila fotoni hupunguza mwendo kwa milimita 6 hivi kwa sekunde. Kumsimamisha mkimbiaji wa mita 300 kwa sekunde kunadai fotoni kama elfu hamsini. Hänsch na Schawlow walilipendekeza hilo mwaka 1975, na mwaka 1997 Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuliendeleza hadi likawa chombo cha kila siku.

Leza ya pili hurudisha. Mara chache atomu huteleza na kuangukia F=1, ngazi iliyo gigahezi 6.8 chini, ambako leza ya kwanza haiioni tena. Bila leza ya kurudisha, wingu hupotea kabla hujaliona.

Funga masafa ya leza zote mbili kwenye mistari ya kichupa cha mvuke wa rubidiamu kwa njia ya mfyonzo ulioshibishwa, ambapo mwali wenye nguvu hushibisha atomu ili mwali dhaifu uonyeshe mistari myembamba. Hakikisha umefunga kwenye mstari uliokusudia. Mistari ya mtanguko, ile inayojitokeza katikati kabisa ya mistari miwili ya kweli, mara nyingi ndiyo yenye nguvu zaidi, na watu wengi wamepoteza wiki nzima wakiwa wameifunga leza mahali pasipo pake. Chora ramani ya mistari yote kwa mkono, ibandike ukutani, na linganisha.

Vaa miwani ya kinga. Mwanga wa nanomita 780 jicho linauona hafifu sana, lakini retina inaungua kwa nguvu yake yote. Leza ya kuunganisha utakayoileta baadaye ina nguvu mara nyingi zaidi.

Hatua ya tatu: mtego

Miali sita ikutane katikati ya chemba, jozi tatu zinazotazamana, kila mmoja ukiwa na mwanga unaozunguka kwa upande sahihi. Nje weka koili mbili ambazo mkondo wake unapita kwa pande zinazopingana, ili uga wa sumaku uwe sifuri katikati na uongezeke kwa gausi 10 hivi kwa kila sentimita. Huu ndio mtego wa sumaku na mwanga, uliofanyiwa kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1987.

Usipoona kitu, geuza kwanza mwelekeo wa mkondo wa koili. Hilo linatibu nusu ya kesi, kwa sababu mwanga na uga vinapopingana mtego unafukuza atomu badala ya kuzikusanya. Kisha kagua mabamba ya robo wimbi, yale yanayoupa mwanga mzunguko wake, moja baada ya lingine. Kisha futa uga wa sumaku wa dunia kwa koili ndogo za pembeni.

Wingu zuri ni mpira mdogo unaong'aa, wenye upana wa milimita moja au chini yake, ukibeba atomu milioni kumi hadi mia moja. Kinachotuhusu zaidi ni msongamano, kwani uunganishaji unahitaji atomu mbili kukutana, na wingi wa jozi unapanda kwa mraba wa msongamano. Wingu kubwa lililotawanyika linapendeza kwenye kamera lakini halina kazi hapa. Bilioni kumi kwa kila sentimita ya ujazo ni mwanzo mzuri.

Pima halijoto kabla ya kuendelea. Zima miali na uga, liache wingu litawanyike kwa milisekunde chache, lipige picha. Mraba wa upana ukiuchora dhidi ya mraba wa muda unatoa mstari mnyoofu, na mteremko wake ni halijoto ikizidishwa na k ya Boltzmann na kugawanywa kwa uzito wa atomu. Ukipata mikrokelvin mia moja au mia mbili, songa mbele.

Hatua ya nne: leza ya kuunganisha

Leza ya tatu ndiyo inayofunga. Iwe na milliwati mia kadhaa, iweze kuteleza kwa gigahezi nyingi bila kuruka, na ikusanywe kwa lenzi hadi upana unaolingana na wingu. Leza ya kioo cha yakuti chenye titani ndiyo farasi wa kazi hii. Dayodi yenye kikuza pia inatosha.

D1 na D2 ni majina ya mistari miwili mikuu ya rubidiamu. Masafa ya leza hii yaweke chini ya mstari wa D1, nanomita 794.98, na si chini ya D2, ule wa kupoza ulio kwenye 780. Kuna sababu mbili. Kwanza, mng'ao wa wingu unaoupima ni wa 780, hivyo kichujio kimoja mbele ya kigunduzi kinazuia mwanga wote wa leza ya kuunganisha. Pili, molekuli iliyo chini ya D2 inaweza kuvunjika yenyewe kuelekea D1, na mistari yake ikapanuka. Chini ya D1 mlango huo haupo.

Atomu mbili zinapopishana na kufyonza fotoni kwa pamoja, zinakuwa molekuli ambayo atomu moja iko ngazi ya juu na nyingine ngazi ya chini. Haikai. Baada ya nanosekunde kumi na kitu inaachia mwanga, na kwa kawaida atomu zote mbili zinatoka mbio kiasi cha kuuruka ukuta wa mtego. Mara chache zinabaki zimefungana kama molekuli tulivu, ambayo leza za kupoza haziitambui. Mwaka 1998 kundi la Orsay, Ufaransa, ndilo lililoonyesha molekuli baridi za namna hiyo kwa sesiamu. Vyovyote iwavyo, kwako matokeo ni mamoja: mng'ao unapungua. Unapima kifungo kwa kuhesabu waliotoroka.

Hatua ya tano: kupekua masafa

Anza gigahezi 30 hivi chini ya D1 ukienda chini zaidi. Ukisogea karibu mno na mstari, leza ya kuunganisha itausukuma mtego wenyewe, na utaona mashimo yasiyohusiana na molekuli yoyote.

Kasi ya kupekua iamuliwe na mtego. Ukijaa kwa sekunde mbili, basi kila hatua ya megahezi chache ipewe muda unaokaribia huo. Haraka ikizidi, mistari inapindika upande mmoja na kituo chake kinahama. Kipimo kizuri ni kupekua eneo lilelile kwenda na kurudi: kituo cha mstari kikitofautiana, punguza mwendo.

Rekodi vitu vitatu kwa wakati mmoja, yaani mng'ao wa wingu, kipima urefu wa wimbi, na alama za Fabry-Pérot, yaani vilele vinavyojirudia kwa nafasi sawa leza inapopita kati ya vioo viwili. Kipima urefu wa wimbi kinakuambia uko wapi, nazo alama zinakuambia umbali kati ya mstari na mstari. Kila asubuhi kilinganishe kipima hicho na mstari wa D1 wa kichupa cha mvuke. Kifaa kinachohama megahezi 60 kwa siku kitaharibu kila hitimisho, nawe hutajua.

Ukiona muundo uleule ukijirudia baada ya gigahezi 6.8, usishangilie. Hizo si ngazi mpya. Baadhi ya jozi zako zilianza zote zikiwa F=2, nyingine mchanganyiko wa F=1 na F=2, na kila kundi linatoa nakala yake. Dawa ni kuziandaa atomu: zima leza ya kurudisha kwanza kwa muda mfupi ili zote ziangukie F=1, zima na ya kupoza, ndipo uwashe ya kuunganisha, kisha urudishe mtego na upime kilichobaki. Rudia mzunguko huo mara nyingi kwa kila hatua ya masafa. Ni polepole, lakini spektra inayotokea ni safi mno, na kwa maoni yangu ndiyo pekee inayostahili kuchapishwa.

Chukua pia mstari mmojawapo kwa nguvu kadhaa tofauti za leza. Mwanga wenyewe hupanua mstari na kuusogeza. Chora kituo dhidi ya nguvu, kisha uvute grafu hadi nguvu sifuri. Namba ya hapo ndiyo ya molekuli.

Hatua ya sita: kusoma mizunguko

Karibia mstari mmoja wa mtetemo na utaona umegawanyika. Ikiwa mgawanyiko mdogo unaoletwa na kiini cha atomu hauutawali, vipande hivyo viko kwenye B ikizidishwa na J(J+1): sifuri, 2B, 6B, 12B. J ni nambari ya ngazi ya mzunguko, na B ni kipimo cha nafasi kati ya ngazi hizo. B inakupa umbali kati ya atomu. Kwa rubidiamu 87, B ya megahezi 29 ina maana ya umbali wa nanomita 2.

Tua kidogo kwenye namba hiyo. Katika molekuli ya kawaida ya rubidiamu, atomu zimeachana kwa nanomita 0.42. Hizi zako ziko mbali karibu mara tano, na zile za gigahezi 30 chini ya mstari zinafika nanomita 7 au 8 zikijinyoosha kabisa. Mawingu ya elektroni hayagusani. Kinachozishika ni kwamba moja inatetema kama antena na nyingine inaisikia. Ukitaka kuelewa kifungo kinaanzia wapi, kabla kemia haijaingia, mahali pake ni hapa.

Hatua ya saba: kipeuo cha sita

Mvutano huo wa mbali unafuata kanuni rahisi: nishati ni C3 ikigawanywa kwa kipeo cha tatu cha umbali, na C3 ni namba inayoonyesha ukubwa wa mvutano. Mwaka 1970 Robert Le Roy na Richard Bernstein walionyesha kwamba kanuni ya aina hii inapanga ngazi zote za karibu na ukingo, yaani pale kifungo kinapokwisha na atomu kuwa huru. Kwa C3, kina cha kila ngazi kinakua kwa kipeo cha sita cha nambari yake ukihesabu kutoka ukingoni.

Basi fanya hivi. Andika kina cha kila mstari katika gigahezi. Tafuta kipeuo chake cha sita, yaani namba ambayo ikizidishwa yenyewe mara sita inarudisha kina hicho. Kichore dhidi ya nambari ya mstari, ukiupa wa kwanza nambari yoyote. Kama kanuni inashika, nukta zinakaa kwenye mstari mnyoofu, na kwa rubidiamu mteremko utakuwa karibu 0.02. Kina cha gigahezi 30 kina kipeuo cha 1.76, kwa hiyo ngazi hiyo ni kama ya themanini na kitu kutoka ukingoni. Huoni zile themanini, lakini mstari unakuambia zipo.

Ukikosa mstari mmoja katikati, grafu inavunjika mahali hapo, nawe unajua urudi kutafuta wapi. Ukiona mifululizo miwili imechanganyikana, tenganisha kwa kujaribu: kila mmoja peke yake lazima unyooke. Kumbuka pia kwamba ukishuka kina mara kumi, nafasi kati ya mistari inakua mara 6.8. Nafasi isiyokua hivyo ni onyo.

C3 inatoka kwenye mteremko, lakini kwa kuupindua na kuuinua kwa kipeo cha tatu, hivyo kosa la asilimia 1 kwenye mteremko linakuwa asilimia 3 kwenye C3. Ndiyo maana nilisisitiza kipima urefu wa wimbi.

C3 nayo imefungwa moja kwa moja na muda ambao atomu iliyo peke yake hukaa ngazi ya juu kabla ya kuachia mwanga. Antena inayorusha kwa nguvu husikika kwa nguvu. Atomu inayotoa mwanga upesi humvuta jirani kwa nguvu. Kwa hiyo unaweza kuipima molekuli na kutoka na muda wa uhai wa atomu. Watafiti wa NIST walifanya hivyo kwa sodiamu mwaka 1996, na kipimo chao kilikuwa makini kiasi cha kuonyesha athari ya muda ambao mwanga unatumia kusafiri kutoka atomu moja hadi nyingine ndani ya molekuli hiyo. Kwangu hakuna tokeo katika taaluma hii linalozidi hilo kwa uzuri.

Hatua ya nane: leza ya rangi ya pili

Mpaka hapa umesoma molekuli zenye atomu moja ngazi ya juu. Ili kusoma kifungo cha atomu mbili tulivu, iache leza ya kuunganisha ikiwa imefungwa juu ya mstari mmoja mzuri, ili mng'ao ubaki chini. Ongeza leza nyingine na uipekue. Tofauti ya masafa ya leza hizo mbili inapolingana na ngazi ya molekuli tulivu, uunganishaji unavurugika na mng'ao unapanda tena. Kina cha kifungo kinasomwa kwenye tofauti hiyo.

Ngazi ya mwisho kabisa, iliyo karibu na ukingo, ndiyo ya thamani. Mahali ilipo panaamua atomu baridi zinapokutana zitasukumana au zitavutana. Kundi la Randall Hulet, Chuo Kikuu cha Rice, lilitumia njia hii mwaka 1995 kuonyesha kwamba atomu za lithiamu 7 zinavutana. Mwaka 2000 kundi la Austin lilifunga jozi ndani ya kondensati ya rubidiamu 87 (wingu baridi mno ambamo atomu zote hutenda kama wimbi moja) kwa leza mbili, na kupata kifungo cha megahezi 636, dhaifu mno ukikilinganisha na kifungo chochote cha kikemia.

Ukifika hapa, vifaa vyako vinatosha kwenda mbali zaidi. Ukiwa na rubidiamu 85 kwenye chombo kilekile, rudia hatua ya tano hadi ya saba kwa kuhamisha leza tu. Uzito umebadilika, C3 haikubadilika. Mteremko wako mpya unapaswa kupanda kwa karibu asilimia 1.2, kwa kuwa unafuata kinyume cha kipeuo cha pili cha uzito. Usipopata hivyo, kosa liko kwenye kipimo chako, na mahali pa kuanzia kulitafuta ni ule mstari wa D1 wa asubuhi.